Wanawake wa Lamu "hawafanyi kazi"? Tafuta swali kabla ya kubeba asilimia

SWALI: Asalaam aleikum Bi. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 34 hapa Faza. Wengine wetu wanakaanga samaki, wengine wanasuka mikeka, na bahari ikipwa baadhi huenda kuchokoa pweza. Tunataka kuiomba kaunti mashine ya barafu. Mwakilishi wa wadi ametuambia tulete takwimu, si maneno. Nikafungua ripoti kwenye simu, nikakuta jedwali linalowaweka wanawake wengi kwenye safu ya wasiofanya kazi. Nilisikitika, kwani hapa simjui mwanamke aliyekaa bure. Je, takwimu za serikali tuziamini? Na mtu wa kawaida kama mimi azipate wapi, azisomeje?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Ziamini, ila ujue kwamba kila asilimia unayoiona imetokana na swali fulani, lililoulizwa siku fulani, likajibiwa na mtu fulani. Jedwali likishachapwa, lile swali huachwa nyuma kabisa ya ripoti, mahali ambapo hakuna anayefika. Anza huko. Ukilipata swali utaona mwenyewe akina mama wa Faza wameingia wapi na wameachwa wapi.

Hili nililijua nikiwa mdadisi, miaka ile nikizunguka na dodoso nyumba kwa nyumba. Siku moja niliingia nyumba moja huku Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, wenyewe tunauita Amu. Mama mwenye nyumba, mtu wa makamo, alikuwa amekaa mkekani, kofia mapajani, sindano mkononi, anashona vito, zile nakshi za kofia. Ubavuni pake jiko la makaa na karai la mafuta. Nikamsomea swali la kwanza kama lilivyoandikwa: ukiacha kazi za nyumbani mwako, siku saba zilizopita umefanya kazi yoyote? Akajibu papo hapo: "La, mwanangu. Mimi sina kazi, nimekaa tu." Sindano haikusimama. Kabla sijaandika akaingia mtoto na sarafu ya shilingi ishirini, akapewa viazi karai kwenye kipande cha gazeti na pilipili juu yake, akatoka mbio. Kalamu yangu ilikuwa tayari juu ya kisanduku cha "hapana".

Bahati nzuri dodoso lilikuwa na swali la pili. Utafiti wa afya na idadi ya watu, ule unaojulikana kwa herufi zake KDHS, una swali hilo miaka mingi sasa. Linamweleza mwanamke kwamba wapo wanaolipwa kwa fedha au kwa vitu, wapo wanaouza vitu, wenye biashara ndogo, na wanaofanya kazi katika shamba au biashara ya familia. Kisha linamuuliza kama siku saba zilizopita amefanya lolote katika hayo. Nikalisoma polepole. Hapo ndipo alipoiweka kofia chini. "Kumbe hivi navyo ni kazi?" Kisha akaanza kunihesabia: kofia ngapi tangu Ramadhani iishe, nani huzichukua kupeleka Mombasa, unga na viazi vya wiki vinagharimu kiasi gani, na ada ya binti yake inatoka wapi. Tulikaa hata adhuhuri ikaadhiniwa.

Fikiria dodoso lingekomea swali la kwanza. Mama yule angeingia vitabuni kama mtu asiye na kazi, na hakuna ambaye angekuwa amesema uongo. Kwa mazoea yetu ya pwani, "kazi" ni ile ya mshahara, ya kutoka asubuhi na kurudi jioni. Ya mkekani tunaiita kukaa tu.

Sasa weka sensa kando ya KDHS uone tofauti. Sensa ya 2019 iliuliza mtu alikuwa akifanya nini hasa katika siku saba kabla ya usiku wa kuhesabiwa. Neno "hasa" ndilo linalowaangusha wanawake. Mtu aliyeamka alfajiri akateka maji, akapika, akasuka ukili hadi adhuhuri, akaenda dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, kuwanunua, akawakaanga na kuwauza hadi isha, umwambie achague moja! Wengi husema mama wa nyumbani. Tena katika sensa aghalabu mtu mmoja hujibu kwa niaba ya kaya nzima. Akijibu mume, usishangae akisema mke wangu yuko nyumbani, kwa sababu kweli yuko nyumbani, na karai pia liko nyumbani.

Ipo pia kanuni ya kimataifa inayoamua nini kihesabiwe kuwa ajira. Tangu 2013, wanatakwimu wa kazi waliokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani walikubaliana kwamba ajira ni kazi inayofanywa kwa malipo au kwa faida. Kinachotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani kinatambuliwa kuwa kazi, lakini kinawekwa fungu lake, nje ya ajira. Kwa hiyo ukisuka mkeka wa kuuza umo kwenye ajira, na ukisuka wa kutandika kwako hauhesabiwi humo. Miyaa ni ileile na mikono ni ileile. Sikwambii kanuni hiyo ni mbaya, ina sababu zake. Nakwambia ili ukiona safu ya ajira ujue imebeba nini na imeacha nini.

Halafu kuna hizo siku saba. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu wewe mtoto wa Faza utanielewa kuliko mtaalamu yeyote wa Nairobi. Usiku wa sensa ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 15, na tarehe 23 umeshafika robo ya mwisho. Maana yake siku saba walizoulizwa watu zilianza bamvua, yale maji yanayopwa mbali, likiisha na zikamalizikia kwenye maji mafu, yasiyopwa sana. Mchokoa pweza afanye nini maji yasipotoka mwambani? Mwanamke yuleyule ukimuuliza siku tatu baada ya mwezi mpevu atakwambia ametoka baharini sasa hivi, na ukimuuliza wiki moja baadaye atakwambia amekaa. Tena Agosti ni kusi, msimu wa upepo mkali, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki dikoni ni haba na wakaangaji wanapishana na makarai matupu. Swali la siku saba linamfaa mwalimu na karani ambao wiki zao zinafanana. Kwa mtu ambaye kazi yake inafuata mwezi na upepo, siku saba ni dirisha dogo mno.

Ndiyo maana, ukiwa na nafasi ya kuchagua, tumia safu ya miezi kumi na miwili. KDHS inauliza siku saba na inauliza pia miezi kumi na miwili iliyopita, kisha inauliza kama mwanamke alilipwa fedha, vitu, au hakulipwa kabisa, na kama kazi yake ni ya mwaka mzima au ya msimu. Kwa kikundi chako safu hiyo ya msimu ina thamani kubwa, kwa sababu hoja yenu yote ya barafu ni hoja ya msimu: samaki wakijaa bei inaanguka kwa kuwa hamna pa kuwaweka, wakiadimika hamna cha kuuza.

Jambo la pili linalokuumiza bila wewe kulijua ni wastani wa kaunti. Kwa sensa ya 2019 Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920. Kati yao Lamu Magharibi ilikuwa na 121,662 na Lamu Mashariki 22,258. Yaani katika kila watu 100 wa kaunti, nyinyi wa Faza, Kiunga na Basuba hamfiki 16. Ripoti ikisema "wanawake wa Lamu", uzito mkubwa uko Mpeketoni, Hindi, Witu na mji wa Amu. Mkulima wa pamba au mahindi wa bara na mchokoa pweza wa Kizingitini wamechanganywa chungu kimoja, na ladha inayotoka ni ya aliyetia kingi. Tafiti za sampuli kama KDHS zinakomea ngazi ya kaunti, hazina jedwali la Faza. Ni sensa peke yake inayoshuka hadi kata ndogo.

Kwa hiyo shika vitabu vya sensa kwa namba zake. Juzuu ya kwanza ina idadi kwa kaunti na kaunti ndogo. Ya pili inashuka hadi kata ndogo, na humo utaikuta Faza yenyewe, wanaume na wanawake, idadi ya kaya. Ya tatu ina umri na jinsia. Ya nne ndiyo yenye elimu, shughuli za kazi, aina ya nyumba, maji na nishati ya kupikia. Zote ziko wazi kwenye tovuti ya Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, na hulipi kitu. Data ghafi za tafiti nyingi pia ziko kwenye hifadhi yao, unajisajili na kuomba, lakini hizo zinahitaji mtu anayejua programu za takwimu. Kwa ombi lenu majedwali yanatosha.

Ukifungua juzuu ya kwanza utaona jambo ambalo watu wengi hulipita. Lamu ilihesabiwa wanaume 76,103 na wanawake 67,813, sawa na wanaume 112 kwa kila wanawake 100. Wenzetu wa pwani wa Kilifi, ndiko Malindi iliko, wana wanaume 94 kwa kila wanawake 100. Kwa nini? Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku ule, na Lamu hulaza askari, vibarua wa bandari na wanaume waliokuja kutafuta, ambao wake zao wamehesabiwa kwingine. Usiruhusu mtu akwambie wanawake wa Lamu ni wachache hivyo fungu lao liwe dogo. Mwaka 2009 tulikuwa wanawake 48,494. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka kwa zaidi ya 19,000. Zahanati, visima, shule na masoko yaliongezeka kwa kiasi hicho? Hilo ndilo swali la kupeleka mbele ya kamati.

Kuhusu muda, hakuna takwimu niipendayo kuliko hii. Mwaka 2021 Kenya ilifanya kwa mara ya kwanza utafiti wa matumizi ya muda nchi nzima. Matokeo yalionyesha kwamba wanawake hutumia asilimia 18.7 ya siku yao kwenye kazi za nyumbani na za kulea zisizo na malipo, na wanaume asilimia 3.6. Ukigeuza kuwa saa, ni saa nne na nusu kwa mwanamke na chini ya saa moja kwa mwanamume. Hizo ni za nchi nzima. Wewe ongeza jabia, birika letu la maji ya mvua. Mama wa Nairobi aliyefungua bomba na mama wa kisiwa cha Pate anayekwenda jabia na madumu, akapanga foleni, akasubiri maji yajichuje, wako kwenye wastani mmoja. Hapo ndipo namba yenu wenyewe itakapokuwa na nguvu, nami nitafika huko.

Kuhusu fedha, ipo FinAccess, utafiti wa huduma za fedha, inayofanywa na Benki Kuu pamoja na KNBS na shirika la FSD Kenya. Ilianza 2006, na tangu ile ya 2021 inatoa matokeo kwa kaunti. Utaona imeandikwa kwamba mwaka 2024 watu wazima asilimia 84.8 walikuwa wamefikiwa na huduma rasmi za fedha. Usidhani hao wote wana akaunti benki. Mwenye M-Pesa naye yumo. Mama anayepokea hela za samaki kwa simu, akazitoa palepale kwa wakala na kwenda kununua unga, amehesabiwa kuwa amefikiwa. Amefikiwa, ndiyo, lakini kupata mkopo wa kununua jokofu ni jambo jingine. Kwenye ripoti hiyo tafuta safu za akiba, mikopo na vikundi. Vyama vyetu vya kuchangiana vimewekwa kwenye fungu la huduma zisizo rasmi, na wanawake wa pwani wengi wamo humo.

Umiliki nao una mtego wake. KDHS inamuuliza mwanamke kama anamiliki nyumba peke yake au pamoja na mwingine, kisha kama kuna hati na kama jina lake liko kwenye hati hiyo. Kwetu Amu baba hupenda kumpa binti nyumba au orofa anapoolewa, ili mume ndiye ahamie kwake. Mwanamke wa namna hiyo atajibu ninamiliki, bila wasiwasi. Ukifika swali la hati, ama iko kwa jina la marehemu babu, ama nyumba haina hati kabisa. Ukisoma safu ya kwanza peke yake utafurahi. Ukisoma ya pili utajua kwa nini hawezi kuiweka nyumba hiyo dhamana ya mkopo. Safu hizo mbili zisomwe pamoja, kila mara.

Nami nina uchungu na neno "mvuvi". Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliwatolea hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.76 wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari. Fidia ya namna hiyo hufuata orodha, na orodha hufuata tafsiri: ni mwenye chombo? Ni baharia? Mama asiye na chombo wala nyavu, ambaye bahari yake ni mwamba, fimbo na ndoo, ni mvuvi au siye? Muulize kila mmoja wa wale 34 kama jina lake limo kwenye daftari la BMU yenu, kikundi cha kusimamia ufuo, na limeandikwa chini ya kazi gani. Wasiokuwemo waandikishwe sasa, kabla ya orodha nyingine kuja.

Nikupe na tahadhari ya sampuli, kwa ufupi. KDHS ya 2022 ilihoji wanawake 32,156 wa miaka 15 hadi 49 nchi nzima, na walipogawanywa kwa kaunti 47 kila kaunti ilibaki na fungu dogo. Ukichagua watu 400 kwa bahati nasibu na nusu wakasema ndiyo, ukweli unaweza kuwa pointi tano juu au tano chini. Wakiwa 100, pointi kumi. Na kwa kuwa watu huchaguliwa kwa mafungu ya mitaa, si mmojammoja, pengo hupanuka zaidi. Kwa hiyo ukiona Lamu iko asilimia 41 na Kilifi 44, usiandike kwamba Kilifi wametushinda. Nyuma ya ripoti kuna kiambatisho cha makosa ya sampuli, nacho hukupa mipaka ya juu na ya chini. Mimi nisipoiona mipaka hiyo sishindanishi kaunti.

Kuna pia kipimo cha kuwawezesha wanawake ambacho KNBS, UN Women na UNICEF walikitoa 2020, kilichosema wanawake asilimia 29 wa miaka 15 hadi 49 ndio waliowezeshwa. Watu wanakipenda kwa sababu ni namba moja. Mimi nakushauri ukiache kwenye ombi lenu. Kilijengwa kwa data za 2014, tena namba moja iliyofunga elimu, mwili, mali na maamuzi kwenye kifurushi kimoja haimwambii mtu anunue nini.

Hukuuliza habari ya ukatili, lakini utakutana nayo. KDHS ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wamepata kupigwa au kudhuriwa kimwili tangu walipofika miaka 15. Maswali hayo huulizwa mwanamke mmoja tu katika kaya iliyochaguliwa, akiwa peke yake, na mtu akiingia mdadisi hukatiza. Nakueleza hili kwa sababu moja: nyinyi msiyaulize. Hamna mafunzo, hamna chumba cha faragha, na kisiwa ni kidogo. Mwanamke anaweza kujibu asubuhi akaadhibiwa jioni. Mkitaka kulizungumzia, tumieni namba ya kitaifa ilivyo.

Sasa namba zenu. Msifanye utafiti mkubwa, fanyeni daftari. Wanawake 34, mwezi mmoja mzima wa kuandama hadi kuandama, ili ndani yake mpate mabamvua mawili na maji mafu mawili. Kila jioni kila mmoja, au binti yake anayejua kuandika, aandike mambo machache: leo nimefanya kazi gani ya kuniletea hela na kwa saa ngapi, nimepata kiasi gani, nimetumia kiasi gani kununua mali, nimetupa au kuuza kwa hasara samaki kilo ngapi, na nimetumia muda gani kwenda kuteka maji na kurudi. Asiyejua saa atumie sala, baina ya adhuhuri na alasiri kila mtu anaijua. Hasara iandikwe kwa mizani, si kwa makisio. Azimeni mizani ya dikoni. Hiyo kilo ya samaki walioharibika ndiyo ombi lenyewe.

Nina ombi kwako katika hili. Mwanamke asiyepata kitu siku hiyo naye aandike sufuri. Watu huona haya kuandika sufuri, wakaruka siku, na mwisho wa mwezi hesabu inaonekana nono kuliko maisha yenyewe. Niliwahi kusaidia kikundi kimoja, sikitaji, kilichopeleka daftari lililojaa siku nzuri tupu. Ofisi ikawaambia: mbona mnajiweza. Walirudi wakilia, nami nililaumu nafsi yangu kwa kutowaambia mapema.

Majina yasiende kaunti. Kila mmoja apewe namba, orodha ya namba na majina ibaki kwako kwenye sanduku. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakutaka upate ridhaa ya mtu na utumie habari zake kwa lile ulilomwambia tu. Na hata isingekuwepo, mapato ya mwanamke si ya kusomwa barazani.

Mkishamaliza, andikeni ukurasa mmoja. Anza na sensa: Lamu Mashariki watu 22,258, na chini yake idadi ya wanawake wa Faza kutoka juzuu ya pili. Kisha sentensi moja juu ya saa nne na nusu za nchi nzima, na mara baada yake saa zenu za maji. Kisha daftari: wanawake 34, siku 29 au 30, kilo zilizoharibika, shilingi zilizopotea, kwa bamvua na kwa maji mafu. Andika wazi kwamba hesabu hiyo ni ya kikundi chenu, si ya wanawake wote wa Faza. Ukikiri hilo mwanzoni hakuna afisa atakayekunasa nalo baadaye. Malizia na bei ya mashine, itakaa wapi, umeme utalipwa na nani.

Angalia na tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa sera ya fedha ifikapo 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili. Mkipeleka Mei mmechelewa mwaka mzima. Wakati daftari linaendelea, andika barua kwa idara ya uvuvi ukiuliza fungu la wanawake wafanyabiashara wa samaki lilikuwa kiasi gani na limetumika vipi. Haki hiyo iko kwenye ibara ya 35 ya Katiba, na sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 za kukujibu. Wasipojibu, peleka nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala. Weka nakala yenye muhuri wa kupokewa. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti nazo ziko wazi na zinaonyesha kila kaunti ilipanga nini na ilitumia nini. Zisome kabla ya kikao, maana kuna mara nyingi fedha zilipangwa na hazikutoka.

Jambo jingine dogo: kila ripoti utakayoifungua, ipakue na uihifadhi. Mwaka 2025 Marekani ilipokata fedha za USAID, shirika lake la misaada, mpango wa kimataifa uliokuwa ukisaidia tafiti za aina ya KDHS ulisimamishwa, na watu waliozoea kuingia kuchukua data wakakuta mlango umefungwa. KDHS ya 2022 tunayo. Iweke kwenye simu, kwenye kadi, na nakala moja kwa mwalimu wa shule.

Ukurasa ule ukishaandikwa, usiupeleke kwanza kwa mwakilishi wa wadi. Wakalishe akina mama wote 34, uwasomee kwa sauti, pamoja na wale wasiojua kusoma. Yule atakayesema "hapo sivyo, mwanangu", simama papo hapo, muulize ni vipi, na ufute mbele yake. Kisha nitumie mimi nakala, inshallah nitaipitia hesabu mstari kwa mstari kabla ya Septemba.